Aliyegusa Bega

Leo niruhusuni niwapeleke mbali, wapendwa, kwenye nchi ya baridi kali, ambako maji huganda mpaka watu wazima wanavaa viatu vyenye makali ya chuma chini na kucheza mpira wa magongo juu yake. Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana mbele huko sijui kama mtacheka.

Basi, katika mchezo huo kulikuwa na beki mmoja. Hakuwa mfungaji, na watoto hawakuvaa jezi yenye jina lake. Miaka kumi na minne alicheza, timu tisa, akihamishwa huku na kule kama viti vya kukodi. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya golikipa na kuzuia mashuti kwa mwili wake. Ilikuwepo na kazi ya pili, ambayo haikuandikwa popote: mpinzani akimwonea mfungaji wa timu, yeye aende akamtwange. Ndiyo, ngumi! Kisha refa humtoa, anafungiwa kwenye kibanda cha kioo pembeni ya uwanja, anakaa humo peke yake huku wenzake wakiendelea kucheza. Meno yake sita yalibaki kwenye barafu ile.

Sasa sikilizeni jinsi alivyotumwa. Je, kocha alimwambia, "Kapige"? Thubutu! Kocha alipita nyuma ya benchi, akamgusa bega mara mbili, akaendelea na safari yake. Na uwanja mzima ukasimama ukipiga kelele, "Mpige! Mpige!" Hata wenye watoto mapajani walipiga kelele.

Siku moja akaguswa bega, akaenda, na yule aliyepigwa akaanguka vibaya, akalazwa mwezi mzima. Beki akaitwa mbele ya kamati inayosimamia mchezo. Wakati huo alikuwa ameshaomba kibali kwa kamati hiyohiyo, kwamba akistaafu awafundishe watoto wa mtaani kwao mchezo ule. Ndilo jambo pekee alilokuwa amebaki akilitamani.

"Nani alikutuma?" mwenyekiti akamwuliza.

Beki akamgeukia kocha wake, aliyekaa hapohapo na tai yake nzuri. "Kocha, sema."

"Mimi nimtume mtu akampige mwenzake?" kocha akashangaa. "Nilimgusa bega tu, kumtia moyo."

"Mara mbili," beki akasema.

"Haya, kumgusa mtu bega nako ni kosa?"

Kamati ikaandika: mtu huyu ni mkatili, asikaribie watoto. Na mashabiki walewale wa "Mpige! Mpige!" wakasoma habari hiyo gazetini, wakasema, "Afadhali. Yule alikuwa mnyama."

Jamani! Mnyama? Na nani alimfuga?

Naona mmekasirika. Mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Ni haki yenu. Hata mimi nilipokuwa nauandaa mfano huu nilikasirika, nikamkasirikia yule kocha mpaka chai ikapoa mezani. Halafu hasira ikageuka, ikanitazama mimi.

Maana sisi hatuchezi barafuni, lakini mabega tunayagusa. Kwenye ukoo yupo shangazi anayesukumwa kumwambia mjane ahame kwenye nyumba ya marehemu. Mjane akishahama, tunakaa barazani tunasema shangazi ana roho mbaya. Pilato aliomba maji anawe mikono. Sisi hata maji hatuombi!

Mnakumbuka mwaka jana, mwenyekiti wa kwaya alipomkaripia yule binti mjamzito na kumvua joho, hapa, mbele ya kanisa zima? Binti alitoka analia, na hajarudi. Tukasema mama yule ana ulimi mkali, tukamwondoa kwenye uenyekiti. Mimi nilisimama hapahapa nikauombea ulimi wake, nanyi mkaitikia amina kubwa.

Kuna jambo hamkuambiwa. Jumamosi iliyotangulia, mlangoni pa ofisi, nilimwambia, "Mama, lile suala la kwaya uliangalie, kabla watu hawajaanza kusema." Maneno hayo tu. Alijua maana yake, nami nilijua kwamba amejua. Mwaka mzima hajanitaja kwa mtu. Anakaa benchi la mwisho, pale dirishani, na hakuna anayekwenda kukaa naye.

Mama, mimi ndiye niliyekugusa bega. Naona aibu. Nisamehe.

Wazee wa kanisa, malizieni ibada. Mimi nashuka, nakwenda kukaa kwenye benchi lile, maana tangu mwaka jana ndipo palipokuwa pangu. Tukitoka hapa nakwenda nyumbani kwa yule binti, nikapige hodi na kusema nilichokifanya. Mliosema amina kubwa, njia mnaijua, twendeni. Safari hii simtumi mtu.