Turubai la Dirishani

Anayemwandalia mwenzake anguko mara nyingi hulionja yeye. Hilo ndilo funzo la methali ya mchimba kisima, na asiyeamini amuulize Scola wa Nduguti.

Tangu kidato cha kwanza, Scola ndiye aliyekuwa kinara wa sayansi shuleni kwao. Kisha akahamia Hana kutoka Mitundu, msichana mpole mwenye akili kali, na Scola akamwonea wivu uliomnyima hata hamu ya kula. Mwaka huu nafasi ya kwenda mashindano ya mkoa ilikuwa moja tu, nao wote wawili walikuwa wametengeneza kitu kilekile: taa ya kupeleka ujumbe bila waya, pamoja na kifaa cha kuupokea na kuusoma.

Njia zao ndizo zilizotofautiana. Taa ya Scola ilisema kwa ukali wa mwanga: ukiwa mkali ni moja, ukififia ni sifuri, na tarakimu hizo ndizo zilizounda herufi. Ya Hana iliwaka kwa ukali uleule kila mara. Kilichobeba ujumbe ni wakati wa kuwaka, mapema au baadaye kidogo.

"Njoo nikuoneshe yangu inavyosoma," Hana alimwambia.

"Sina shida nayo," Scola alijibu, akabetua midomo.

Alichojua ni kwamba kifaa chake kikipigwa na jua hupofuka, akaamini vyote ni hivyo. Basi asubuhi ya mchujo, alipoona Hana amepangiwa meza ya dirishani, alifungua turubai lililoziba dirisha, akalificha nyuma ya magunia ya alizeti stoo. Jua likamwagika mezani. Roho yake ikasuuzika.

"Shikamoo, mwalimu," Hana alimwamkia Mwalimu Isaka, msimamizi wa mchujo. "Turubai halipo."

"Marahaba. Anza hivyohivyo."

Taa ikawaka na kuzima. Kwenye kioo cha kifaa maneno yakajipanga bila kukosea herufi: MVUA IMENYESHA. Jua liliongeza mwanga tu; wakati wa taa kuwaka halikuugusa. Darasa likashangilia. Scola alihisi amemeza kaa la moto, akaelekea upesi kwenye meza yake ya kivulini.

"Wee Scola, rudi," mwalimu alisema. "Huwezi kulinganisha njia mbili, moja juani, nyingine kivulini. Meza ni hiyohiyo."

"Mwalimu, basi turubai lirudishwe kwanza."

"Kwani unajua lilipo?"

Kwa aibu Scola alisogea dirishani, akawasha taa yake. Kioo kiliandika herufi zisizosomeka, mstari baada ya mstari.

Hana akateuliwa kwenda mkoani. Scola alikusanya nyaya zake huku akilia, na jua alilomfungulia mwenzake likimchoma yeye usoni. Hakika, mchimba kisima huingia mwenyewe.