Penye Mkono wa Jana

"Ugonjwa mpya hutafutwa penye mkono wa jana." Mmeyasikia hayo gereji, mkacheka, sasa mmekuja kunikatizia usingizi wa mchana ili mjue yalitoka wapi. Haya, kaeni. Nimechoka, lakini si kama walivyochoka watu wa hadithi hii. Methali hii ilianza hivi.

Huku milimani Njombe palikuwa na mtu aliyeitwa Mgaya, mwenye pikapu kuukuu. Gari hilo ndilo lililobeba maziwa ya kijiji kizima kila asubuhi, kuyapeleka kwa mnunuzi ng'ambo ya mlima. Jumapili moja baba mkwe wake, Mzee Nyagawa, aliyewahi kuwa fundi, alikuja kumsalimia binti yake. Kukaa bure hakuweza. Akafungua kabureta ya lile pikapu, pale hewa inapochanganyika na mafuta, akaisafisha, akafunga, akanawa mikono, akala, akaenda zake.

Jumatatu gari likawaka vizuri. Kufika mlimani, likaishiwa pumzi. Likakohoa, likatetemeka, hata kuku wa bonde lile wakataga mayai yaliyokwisha kuvurugwa. Msinitazame hivyo, mimi niliyala. Maziwa yakachacha. Jumanne, hivyo hivyo. Mnunuzi akatuma neno: yakichacha tena Jumatano, anahamia kijiji kingine.

Mgaya na fundi wake, Kiswaga, wakalivamia gari. Wakamwaga mafuta, wakaosha tangi. Wakabadilisha plagi, wakabadilisha betri. Wakang'oa hata kiti cha dereva, sijui kiti kilikosa nini. Ikabaki kabureta na bomba lake la hewa. Kiswaga akanyoosha spana, Mgaya akatikisa kichwa. Kwa watu wa pale, alichofunga baba mkwe hakifunguliwi na mkwe, wala na fundi wa mkwe. Kukifungua ni kumtangazia mzee kwamba kazi haijui.

Jumatano gari likafia palepale mlimani. Sekela, mke wa Mgaya, alikuwa amekaa nyuma na madumu ya maziwa. Akashuka taratibu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Baba Tumaini, hili gari limeanza lini kuumwa?"

"Jumatatu."

"Na Jumapili lilishikwa na nani?"

Mgaya akatazama viatu vyake. Kiswaga, aliyepanda nao siku hiyo, akatazama mawingu.

"Shemeji," Kiswaga akasema, "mimi naona tujaribu kubadilisha matairi."

"Matairi ndiyo yanayokohoa?"

"Mama Tumaini," Mgaya akamsihi, "yule ni baba mkwe wangu."

"Kwako ni mkwe. Kwangu ni baba, nimeshamwona akienda kanisani na shati nje-ndani. Nipe hiyo spana."

Akafungua bomba la hewa, akaingiza vidole, akavuta. Kikatoka kipande cha kitenge, cheusi kwa oili. Mzee aliliziba bomba kwa tambara hilo ili uchafu usiingie wakati anasafisha, kisha akalisahau humo humo. Gari lilikuwa linavuta hewa kupitia nguo, kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

Likawaka, likapanda. Mnunuzi alikuwa amekwisha kufunga mlango. Akanusa dumu la kwanza, akanusa la pili, akanusa la mwisho. Akatoa ufunguo, akafungua tena.

Jioni wakaenda ukweni. Sekela akaliweka tambara mbele ya baba yake. Mzee akalitazama, akamtazama mkwewe aliyeinamisha kichwa.

"Mlijua gari nililishika mimi?"

"Tulijua, baba," Mgaya akajibu.

"Mkaacha maziwa ya watu yakichacha siku mbili, mkinitunzia heshima?" Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko wao. "Mwanangu, heshima ya namna hiyo inanuka. Siku nyingine gari likiumwa, anza kutafuta penye mkono wa jana, hata kama mkono wenyewe ni huu wangu."

Watu wakalichukua neno lake. Gari likitoka kwa fundi likaanza kukohoa, nyumba ikianza ugomvi baada ya mgeni kuondoka, hawaendi kuuliza mbali, wala hawaogopi ni mkono wa nani. Ugonjwa mpya hutafutwa penye mkono wa jana.