Kijiti cha Eugenia

Ugonjwa haukomi kwa kunyamaziwa. Ukiufunika unaivia humo humo, na siku ya kufunuka hauombi ruhusa. Eugenia wa Buswelu alilijua hilo tangu darasa la tano. Hata kwenye mtihani methali yake aliipata.

Baada ya uzazi wake wa tatu wa kisu, daktari alimwambia wakiwa wawili tu: mimba nyingine ingeweza kumpasua mfuko wa uzazi. Eugenia alilimeza neno hilo. Mumewe, Nestory, alikuwa na mabinti watatu, na mama yake kila siku aliulizia mjukuu wa kiume. Akaenda zahanati kimyakimya, akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi.

Mwezi wa pili damu ikaanza. Leo matone, kesho nguo imelowa, wiki hadi wiki. Muuguzi alikuwa amemwambia, "Hutokea, mama. Ikikusumbua rudi, tutakupa dawa au tukubadilishie njia." Atarudije, na mama mkwe, aliyekuwa amehamia kwao karibuni kutoka Bukoba, hakumwacha atoke peke yake?

Mama mkwe alipoona vitambaa vikianikwa kila siku, alichemsha mizizi. "Kunywa, mwanangu. Umefungwa kizazi."

"Asante, mama," Eugenia alisema, akanywa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwishowe alimwendea jirani yake Wilhelmina, msusi. "Dada, nitolee kitu hiki."

"Mimi nasuka nywele, Eugenia, sipasui watu! Rudi zahanati."

"Mama mkwe atanifuata, na mume wangu atajua. Nakuomba."

Wilhelmina akachemsha wembe, akamchana mkono. Kijiti kikatoka. Damu ilipokatika, mizizi ikasifiwa nyumba nzima, na Eugenia akasifu pamoja nao.

Haukupita muda akashika mimba. Vigelegele! Kliniki walitaka mume aje siku ya kwanza, na Eugenia akaogopa Nestory ataambiwa onyo lile la daktari. Mama mkwe, kwa furaha ya mimba, sasa alimwacha atoke peke yake; basi kila mwezi aliaga anakwenda kliniki, akaketi sokoni Kisesa hadi adhuhuri, kisha akarudi akisema mtoto hajambo.

Mwezi wa nane, akipeta mchele, alianguka. Hospitalini walimtoa mtoto wa kiume, maiti. Eugenia akamfuata kabla ya saa kuisha.

"Hukuambiwa asibebe mimba tena?" daktari alimuuliza Nestory.

"Sikuambiwa! Ningejua, wale watatu wangenitosha." Akaketi sakafuni, akalia bila haya.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.