Beki wa Suruali Kavu

Wapendwa, msinitazame hivyo. Najua barafu mnaijua ya kwenye juisi tu. Lakini mfano huu hamtaupata kwa mhubiri mwingine, hata mkimaliza makanisa yote ya tarafa hii.

Kulikuwa na mji wa joto la kukaangia yai juu ya bati, na ndani yake ukumbi mmoja uliogandishwa sakafu kwa mitambo. Humo vijana walivaa viatu vyenye makali ya chuma, wakashika magongo, wakafukuza kisahani cheusi kigumu kuliko kisigino cha buti la askari, wakigombea kukitia golini. Mmoja wao alikuwa beki. Beki yule! Alirudi kinyumenyume kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuendi nayo mbele. Sasa, kwa joto lile, barafu ilitoka jasho. Ukianguka, unainuka chepechepe. Kwa hiyo pale ukumbini fundi alijulikana kwa suruali kavu. Na huyu alikuwa na miaka miwili hajalowa.

"Mama, hii usifue," alikuwa akisema. "Nitaivaa tena."

Beki mwenzake walimwita Tambara, maana kila mechi alifuta sakafu kwa kifua.

"Tambara, leo umepiga deki vizuri!" yule mkavu alimtania.

"Asante, kaka. Nawe umekanyaga safi."

Siku moja akaja msaka vipaji kutoka nchi za theluji. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenda kulelewa na timu ya wachezaji wa kulipwa. Wakacheza, wakashinda nne kwa moja, ukumbi mzima ukaliimba jina la yule mkavu. Mgeni akaingia chumba cha kubadilishia nguo, hakusalimia mtu. Akainama, akaanza kupapasa magoti na vifua vyao, kama mama anayekagua nguo kambani. Akamfikia kijana wetu. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Lile bao moja lilipita wapi?"

"Kando yangu, mzee. Gongo halikufika."

"Na kifua chako kilikuwa wapi?"

Jamani! Kijana akakitazama kifua chake kikavu. Akakumbuka: kisahani kilipokuja, mguu wake ulisogea wenyewe, kidogo tu, kwa ustadi.

"Kipaji unacho kuwazidi wote niliowaona mwaka huu," mgeni akasema. "Lakini beki hulala mbele ya hatari ili walio nyuma yake wapone. Wewe umecheza miaka miwili hujalala hata mara moja." Akageuka, akamshika Tambara shati, akalikamua, maji yakatiririka hadi sakafuni. "Naondoka na huyu."

Mlangoni alisimama mama wa yule mkavu, ameshika begi alilokwisha kulifunga tangu asubuhi.

Mbona mmeacha kucheka? Nani kati yetu anajisifu hajawahi kukosana na mtu, kumbe hajawahi kumtetea mtu? Mjane yule wa mtoni alipofukuzwa shambani kwake, si miguu yetu ilisogea? Kidogo tu, kwa ustadi? Kisahani kikapita, kikampiga yeye. Jumapili tukaja tumepiga pasi, tukasema Bwana ametulinda. Ametulinda, au tulikwepa?

Bwana alipofufuka angeweza kuja na mikono isiyo na alama. Alikuja na matundu yake, akamwambia mwenye shaka, gusa. Na siku ile ya mwisho, ndugu zangu, atakayegusa ni yeye.

Hebu kila mtu apapase magoti yake sasa hivi. Usimtazame jirani. Papasa.