Gari la Bruno Halitikisiki

Basi la kwenda Slovenia lilikuwa limewaacha Mwanakombo, mumewe na pacha wao huku Italia, na alasiri hiyo mdogo wake alikuwa anaolewa ng'ambo ya mpaka.

“Kuvuka mpaka, yuro mia nne,” alisema Bruno, mwenye magari ya kukodi.

“Hawa pacha hutapika garini, kaka,” alisema Mwanakombo. “Na kwetu Pemba hata tende huonjwa kabla ya kununuliwa.”

“Langu halitikisiki! Pandeni muone, kujaribu ni bure!”

Bruno akaendesha kwa madaha.

“Tambarare hata punda huenda, kaka. Mlimani je?”

Bruno akaupanda mlima na, kwa kujionyesha, akavuka mpaka hadi mjini.

“Simama! Mtoto anatapika!”

Breki zikalia mbele ya ukumbi wenye vigelegele. Mwanakombo akashuka na watu wake wote.

“Halitikisiki kweli, kaka. Ila tukodi la nini, na harusi hii hapa?”