Kikapu cha Mama Bupe

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mlima, na juu ya mlima, miti ya chai iliyoota yenyewe.

Sogeeni, wanangu. Miti hiyo haikuwa kama ya mashambani, inayomfika mtu kiunoni. Ilikuwa mirefu kuliko nyumba, na mashina yake yameota ndevu za kijani. Hakuna aliyeipanda, hakuna aliyeipogoa. Na ndani ya shina kubwa kuliko yote liliishi zimwi.

Chini ya mlima aliishi Sekela, mama yake Bupe. Mikono yake haikujua kutulia. Akiketi, vidole vinachambua nyuzi za kanga. Akiongea, vinachezacheza. Shambani hakuna aliyemfikia. Majani mawili na chipukizi, yanapita juu ya bega, yanatua kikapuni mgongoni, wala hageuki kutazama.

Siku moja wanawake walipanda mlima kuiamkia miti ile, kama walivyofanya kila mwaka. Desturi ni kwenda mikono mitupu. Sekela akabeba kikapu.

"Mama Bupe, kikapu cha nini?" akauliza jirani yake, mama Ambokile. "Leo hatuchumi."

"Cha kumbebea mtoto."

"Mtoto tu?"

"Mtoto tu, dada."

Kweli, njiani Bupe alichoka, maana alikuwa na miaka mitatu. Akawekwa kikapuni, akalala.

Walipofika wakasema, "Shikamooni, wazee. Tumekuja kuwaamkia, hatukuja kuchuma." Kisha wakaanza kushuka.

Sekela akabaki nyuma. Tawi moja limeinama, machipukizi yamenona. Vidole vikamwasha. Akachuma, akachuma, akachuma, akirusha begani kama alivyozoea, akasahau aliyelala mgongoni.

Mara kikapu kikawa chepesi. Akakishusha. Majani matupu. Bupe hayumo.

Shina likapasuka, zimwi likatoa kichwa. "Unatafuta nini, fundi?"

"Mwanangu."

"Umemfunika kwa majani yangu. Kilichofunikwa na changu ni changu."

"Nirudishie, nakuomba."

"Rudisha wewe kwanza. Kila jani lishike pale lilipotoka. Jua likizama nyuma ya mlima ule wa ng'ambo kabla hujampata, mtoto ni wangu."

Basi Sekela akabandika jani upesi. Likaanguka. Akabandika upesi zaidi. Likaanguka. Akabandika upesi kuliko upesi. Likaanguka.

Zimwi likacheka. "Kuchuma unakujua. Kurudisha je?"

Sekela akavuta pumzi. Akalishika jani kwa vidole viwili, akaligusisha kwenye kikonyo kilichokuwa bado kinatoa utomvu, akangoja. Pumzi moja. Pumzi mbili. Pumzi tatu. Jani likashika.

Akachukua lingine. Jua lilishuka, lakini kila jani alilingoja pumzi tatu.

Mwisho likabaki chipukizi moja dogo, limejikunja. Akatafuta kikonyo chake. Hakipo. Vyote vilikwishapata majani yake.

"Libandike popote," likasema zimwi. "Jua hilo linakwenda. Bandika, umalize. Bandika."

Mikono ilitaka. Wanangu, ilitaka sana. Lakini Sekela akawaza: kisichotoka mtini si cha mti. Akaketi chini, akaliweka chipukizi kiganjani, akalifunika kwa kiganja cha pili, akatulia. Tangu azaliwe, mikono yake haikuwahi kukaa hivyo.

Chipukizi likapata joto. Likapumua. Likawa zito. Ukatoka mguu, kikatoka kichwa.

"Mama, unanibana," akasema Bupe.

Zimwi likaguna, likarudi ndani, shina likajifunga.

Mama Ambokile akaja mbio kuwatafuta, akawakuta wamekaa chini ya mti, jua likiwa ukingoni kabisa.

"Inuka twende, mama Bupe. Wenzetu wote wameshuka."

"Subiri kidogo, dada," akasema Sekela, ambaye hajawahi kumwambia mtu subiri. Akaendelea kumshika mwanawe.

Basi, wanangu, mkono mwepesi ni jambo jema, lakini si kila kinachofikiwa na mkono ni cha kuchuma, na anayekimbilia kilicho mbele husahau alichokibeba.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlimani, chini ya miti ile.