Waya Uliovaa Gamba la Chatu

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla wanyama hawajagombana wakaacha kutembeleana, kila nyumba ya mbugani ilikuwa na muziki wake. Twiga alikuwa na spika ndefu kama yeye. Hata Kobe, ambaye nyumba yake mnaijua ilivyo, alikuwa na kiredio chake humo humo mgongoni.

Lakini msidhani mgeni akifika alipigiwa muziki. Thubutu! Mgeni alioneshwa waya kwanza. Ndiyo desturi yao: unabisha hodi, unakaribishwa, unakaa, halafu mwenye nyumba anafunua kitambaa cha kufuma, na chini yake umelala waya unaotoka kwenye redio kwenda kwenye spika. Unausifu. Ukishausifu, unaletewa chai. Usipousifu, unarudi kwenu na kiu yako.

Kwa hiyo kila mmoja alitaka waya mnene. Wa Bwana Kiboko ulikuwa mnene kama mguu wa mbuzi. Wa Bwana Kifaru uliuzidi huo, ingawa macho yake yalikuwa mabovu hata yeye mwenyewe hajawahi kuuona vizuri. Na wa Bwana Tembo, mkubwa wao wote, watoto wake waliukalia wakati wa kula.

Wote waliununua mahali pamoja, dukani kwa Fisi. Fisi aliuita waya wa kifalme. Bei yake hakuitaja kwa sauti, aliinong'ona, na kila aliyenong'onewa alitoka dukani amepungukiwa kitu. Kiboko alimwachia kidimbwi chake cha kuogea. Kifaru alimpa shamba la mtama. Tembo alitoa migomba yake yote, na akajisifu kwamba amepunguziwa.

Basi, katikati ya wakubwa hao aliishi mdogo mmoja, Bi Sikudhani Pimbi. Pimbi mnamjua? Mfupi, kajazia, hana mkia, makazi yake kwenye mawe. Bi Sikudhani alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kupiga muziki wa harusi. Alikuwa na mashine moja na spika mbili alizoachiwa na marehemu mama yake. Harusi moja ikipigwa vizuri, watoto walikula mwezi mzima.

Jumamosi ile Bwana Tembo alikuwa anamwoza binti yake, na harusi kubwa kama hiyo haikuwahi kuonekana. Jumatano Bi Sikudhani akatoa vyombo vyake kuvifuta vumbi. Akatazama nyuma ya spika, akakaa chini. Panya walikuwa wameutafuna waya wote, wakamwachia vipande visivyofika hata urefu wa sikio la sungura.

Akaenda dukani kwa Fisi.

"Hodi."

"Karibu, karibu, dada yangu," akasema Fisi, meno yote nje.

"Nataka waya wa spika, kaka. Panya wamenimaliza."

"Umefika." Fisi akafunua kitambaa. Waya wa kifalme ulikuwa umejikunja pale, rangi ya dhahabu, ncha zake zimezibwa kwa vifuniko vinavyong'aa.

"Bei gani?"

Fisi akainama, akanong'ona. "Pango lako."

"Pango langu? Na watoto wangu walale wapi?"

"Nje kuna hewa safi. Mimi paa langu linavuja, dada, na masika yanakuja. Tena Bwana Tembo ameshatamka: hapigi mtu muziki kwa binti yake bila waya wa kifalme. Usipouchukua, harusi naipiga mimi."

Pango lile Bi Sikudhani alizaliwa humo, na watoto wake wote wanne walizaliwa humo. Lakini alikuwa fundi, na fundi hanunui waya bila kuuona ndani.

"Nikatie ncha niutazame."

"La hasha!" Fisi akauficha nyuma yake. "Waya wa kifalme haukatwi. Ukikatwa, besi yote inatoka."

"Inatoka inakwenda wapi?"

Fisi akajikuna shingo. "Inatoka tu."

Bi Sikudhani akaaga, akasema atafikiri. Na kweli alikuwa anafikiri. Alipita njia ya nyuma mpaka kwenye duka la misumari la Mzee Nungunungu, ambako wakubwa hawakanyagi kwa sababu hakuna kitu kinachong'aa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Sikudhani. Mbona umenuna?"

Akamweleza yote. Mzee Nungunungu akatoa bunda la waya mwembamba wenye nyuzi mbili, ule ambao watu hufungia taa, akachomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, akaikwangua ncha: kwaru, kwaru.

"Tazama. Wekundu umeingia mpaka ndani, hiyo ni shaba. Ukikwangua ukaona weupe, ni bati limepakwa rangi, mrudishie mwenyewe. Haya, kutoka kwenye mashine mpaka kwenye spika ni mbali gani?"

"Hatua thelathini, babu."

"Hatua za nani?"

"Zangu mimi."

Mzee Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, chaka-chaka-chaka. "Hatua thelathini za pimbi! Tembo hata hajamaliza kunyanyua mguu. Huu unakutosha na kubaki. Ungekuwa unauvuta mpaka mtoni ningekupa mnene, maana njia ndefu huuchosha muziki. Uzi wenye mstari mwekundu ufunge kwenye alama nyekundu, kwenye mashine na kwenye spika. Ukikosea spika moja, zote mbili zitanyang'anyana besi kama ndugu wanaogombea shuka. Na ukaze sana."

"Bei gani, babu?"

Mzee Nungunungu hakunong'ona. "Kikapu kimoja cha ukwaju."

Bi Sikudhani akalipa, akarudi kwake na waya shingoni. Furaha yake iliishia mlangoni pa pango. Alijua sauti itakuwa nzuri, lakini alimjua pia Bwana Tembo. Waya mwembamba kama mkia wa panya, kwenye harusi ya binti yake? Angefukuzwa kabla hajabonyeza kitu. Akakaa juu ya jiwe, na kwa kweli alilia kidogo.

Alipofuta machozi akamwona Chatu huko chini, anajisugua kwenye mawe, anatoka kwenye gamba lake la zamani. Lilikuwa gamba refu, pana, lenye madoa ya kahawia na manjano, linang'aa juani.

"Shangazi Chatu," akaita, akibaki juu kule kule, maana kwa Chatu pimbi huitwa chakula. "Hilo gamba una kazi nalo?"

"Limenibana mwaka mzima," akasema Chatu. "Lichukue nisilione tena. Shuka ulichukue."

"Ahsante, shangazi. Nitashuka ukishaondoka."

Jumamosi mchana Bi Sikudhani alikuwa uani kwa Tembo, mashine imewekwa, spika zimesimama, na waya umefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Wageni walikuwa hawajafika. Walikuwapo wakubwa watatu wa kamati, Tembo, Kifaru na Kiboko, na Mzee Nungunungu aliyekuja kupigilia misumari ya turubai. Na kando alisimama Fisi, waya wake wa dhahabu begani, anangoja mwenzake aaibike.

"Sikudhani," akasema Tembo, "tuoneshe waya."

Bi Sikudhani akafunua kitambaa.

Kutoka kwenye mashine kwenda kwenye spika ulikwenda waya mnene kama paja, wenye madoa, unaometameta.

"Wangu hauna madoa," akasema Kiboko kwa wivu.

"Unaitwaje waya huu?" akauliza Tembo.

"Hauna jina, Bwana Mkubwa. Majina ni kwa vitu vya dukani."

Tembo akainamisha kichwa kwa heshima. Fisi aliona harusi inaponyoka, na pango nalo linaponyoka.

"Tushindane!" akasema. "Tufunge wangu kwanza, kisha wake. Mwenye masikio aamue."

Wakaufunga wa kifalme. Bi Sikudhani akabonyeza. Nyiii, nyiii, ti-ti-ti, nyiii.

Bwana Tembo, mwenye masikio makubwa kama nyungo mbili, alikaza macho kwenye ile dhahabu. "Hiyo ndiyo besi," akasema.

"Nimeisikia tumboni," akasema Kiboko.

"Mimi nasikia mbu," akasema Kifaru.

"Nyamaza, Kifaru. Wewe huoni."

"Kwani tunatazama au tunasikiliza?" akauliza Kifaru.

Wakafunga wa Bi Sikudhani. Mstari mwekundu kwenye nyekundu, akakaza, akarudia kukaza. Akabonyeza.

Dum! Dum-ka-dum! Dum-ka-dum! Vikombe vikarukaruka mezani. Bibi harusi akatoka ndani amesukwa nusu kichwa, anacheza, na msusi nyuma yake anacheza na kitana mkononi.

"Madoa yale!" Tembo akapaza sauti. "Kila doa linapiga la kwake!"

"Huu sasa ni muziki," akasema Kifaru. "Mbu wameondoka."

Lakini Fisi ana pua, wanangu, na pua ile ikanusa. Akasogea, akanusa tena, akaruka. Akaling'ata gamba, chwaaa! Likapasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ndani yake ukaonekana waya wa taa, mwembamba, umelala mchangani.

"Mnaona? Amewadanganya! Hilo ni gamba la chatu, na waya wenyewe ni wa duka la misumari!"

Masikio ya Tembo yakafunguka pande zote mbili. Kama wakimfukuza Bi Sikudhani sasa, kesho watoto watakula nini? Aliogopa kweli kweli. Lakini muziki ulikuwa bado unapiga, dum-ka-dum, wala haukujali kwamba umevuliwa, naye akapata nguvu ya kusema.

"Ni kweli, Bwana Mkubwa. Waya wangu ni wa kikapu kimoja cha ukwaju. Nimeuvika gamba kwa sababu nyinyi mlitaka kuona, na mimi nilitaka msikie. Ila Fisi amenivua mbele za watu. Basi na yeye avuliwe."

"Haukatwi!" Fisi akaukumbatia waya wake. "Besi itatoka!"

"Itoke," akasema Bi Sikudhani. "Kwa masikio ya Bwana Tembo, itapita wapi asiidake?"

Tembo akaunyakua waya kwa mkonga, akautupa chini.

"Uko wapi?" akauliza Kifaru.

"Mbele ya pembe yako."

Kifaru akainamisha kichwa. Chraaa! Ganda la dhahabu likafunguka. Ndani yake mpira. Ndani ya mpira nyasi kavu. Kifaru akaendelea kuchimba. Ndani ya nyasi, katikati kabisa, zikatokea nyuzi tatu, nyembamba kama sharubu za mtoto wa paka. Mzee Nungunungu akasogea, akazikwangua kwa mwiba.

"Nyeupe," akasema. "Bati."

Wakubwa wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anaukumbuka waya uliolala kwake chini ya kitambaa.

"Kidimbwi changu," akasema Kiboko taratibu.

Fisi akacheka kile kicheko chake cha kujikosha. "He-he-he, jamani, ulikuwa utani wa harusi..."

"KIDIMBWI CHANGU!"

Fisi akatoka mbio, Kiboko nyuma yake, na Kifaru nyuma ya Kiboko akiuliza wanaelekea wapi. Wakamzungusha mbuga nzima mpaka akarudisha kidimbwi, na shamba la mtama, na migomba yote. Na kile kicheko cha siku ile hakikumtoka tena. Mpaka leo mkikisikia, jueni kuna mtu kamuuliza habari za waya.

Harusi ilipigwa. Bibi harusi alimaliziwa kusukwa, wageni walicheza mpaka viatu vikakatika, na waya wa taa ukalala wazi mbele ya macho ya watu wote. Bi Sikudhani alilipwa mtama wa kumtosha mpaka mavuno, na masika yale watoto wake walilala pakavu, pangoni mwao.

Alipokuwa anafungasha vyombo, Tembo alimsogelea, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bi Sikudhani," akasema kwa sauti ya chini, "hilo gamba, una kazi nalo? Kesho wakwe wanakuja kuniamkia. Nafikiri likishonwa vizuri..."

Bi Sikudhani akamtazama mzee wa watu na masikio yake yote mawili. Kisha akapanda juu ya spika ili amfikie, akamnong'oneza bei.

Mikungu mitatu ya ndizi. Tembo akasema ni rahisi.

Na nyinyi wanangu, mkitumwa kununua waya, lipieni shaba, msilipie ganda.